Birika la Mzee Volti

Nawategea, wajukuu zangu, na atakayeshindwa ataosha vyombo: mlinzi wangu hali wala hasinzii, na siku akifanya kazi yake nyumba nzima inamlaani. Nani huyo? Kikata umeme! Kile kidude cha ukutani kinachozima umeme ukianza kuvuja, kabla haujamfika mtu.

Chetu wiki ile kilitutesa. Babu yenu, fundi umeme wa miaka arobaini, aliyeitwa Mzee Volti mtaa mzima, alikuwa amebadilisha plagi ya birika letu la umeme. Kila nikichomeka, ta! Umeme umekatika.

“Kidude kimezeeka,” akasema. Akaunganisha nyaya bila kukipitia.

Tangu hapo umeme haukukatika, nami sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda kulichungulia birika. Na wiki hiyohiyo alikuwa aende kufunga nyaya nyumbani kwa mama yenu, mwenye kichanga.

Asubuhi nikaligusa. Likanirusha hadi mlangoni.

“Una mikono ya maji, mke wangu.”

“Na wewe una kichwa cha jiwe!”

Nikampigia simu Koleo, binti aliyejifunza ufundi kwake. Akaja mbio, akazima swichi kuu, akafungua plagi. Kisha akamnyooshea babu yenu nyaya mbili.

“Mwalimu, wa kijani ni upi hapa?”

“Unanipa mtihani mimi? Nani alikufundisha kushika bisibisi?”

“Wewe. Ndiyo maana nauliza.”

Babu yenu akacheka peke yake. Akatoka uani, akarudi, akaufungua mfuko wa zana, akaufunga.

Koleo akanigeukia. “Bibi, waya wa kijani, ule wa ardhi, umefungwa mahali pa waya wa moto, unaoleta umeme. Bati lote la birika lina umeme. Kidude hakikuzeeka, kilikuwa kinawaokoa.”

“Na kesho kwa binti yetu?” nikauliza.

“Kesho nakwenda!” Babu yenu akabeba mfuko wake. Nikasimama mlangoni.

“Hupiti, baba watoto. Mjibu kwanza.”

Koleo bado alikuwa amenyoosha mkono. Babu yenu akazichukua nyaya, akazisogeza dirishani, akazileta hadi puani, akazigeuza na kuzigeuza.

“Sijui,” akasema. “Zote naziona kama majivu, tangu mwaka jana. Kesho nenda wewe, mwanangu.”