Kitundu Kwenye Mkono wa Chela

Chepkurui alikuwa amechuna majani chai kule Boito miaka kumi na mmoja, na mikwaruzo ya chai aliijua. Huacha mistari. Haiachi kitundu kimoja nyuma ya kiganja, tena kilichobandikwa plasta safi.

"Ni chai imemkwaruza," Mathew mumewe alimwambia jioni ile alipomrudisha binti yao Chela, wa miaka mitatu, kutoka kliniki moja ya Sotik. Chela alisinzia hovyo, na maziwa aliyopewa akayatapika yote. Mathew alileta pia karatasi: masikio yote mawili hayakuitikia sauti. Mtoto ni kiziwi, atafutiwe shule ya bweni.

Bweni! Mtoto ambaye bado analala ameshika nywele za mama yake. Kweli alichelewa kuongea, lakini ni kiziwi gani huyu anayekimbilia barabarani kabla lori la majani halijatokeza kwenye kona? Maneno ya Mathew hayakumwingia Chepkurui hata kidogo. Siku nne alimchunga mumewe kama maziwa yaliyo motoni.

Fomu ya bweni ilihitaji sahihi ya hospitali moja ya Kericho. Safari hii Chepkurui alikwenda mwenyewe, Mathew akimfuata nyuma.

Mpimaji wa masikio, Jentrix, aliisoma karatasi akakunja uso. "Siku hiyo mtoto alikuwa macho ama alilazwa na dawa?"

"Macho," Mathew alijibu haraka mno.

Chepkurui aliuweka mkono wa Chela mezani. "Madam, hii alama ni ya nini?"

Jentrix aliitazama, kisha akamgeukia Mathew. "Baba Chela, sema ukweli. Ndani ya sikio kuko na kamsuli kadogo. Sauti kubwa ikiingia kanakaza, na mashine inaona. Dawa ya usingizi inaweza kukalegeza. Unadhani mtoto hasikii, kumbe ni dawa."

Mathew aliinamisha kichwa. "Alikuwa anasumbua, anang'oa hiyo kitu kwa sikio. Wakasema wamdunge alale kidogo."

"Na Chemutai?" Chepkurui aliuliza.

Chemutai alikuwa dada yake, aliyelazwa kwa dawa ya usingizi kwa upasuaji mdogo, asiamke tena. Siku ya mazishi Chepkurui aliapa kwamba hakuna atakayemlaza mtoto wake kwa dawa bila yeye kujua. Mathew alikuwa amesimama hapo hapo.

"Nilijua utakataa."

"Kwa hivyo afadhali mtoto aende bweni, wewe ubaki na siri yako?"

Hasira ilimpanda Chepkurui.

Jentrix alimkalisha Chela mapajani mwa mama, akamfungulia katuni kwenye simu bila sauti, akaingiza kifaa sikioni. Mlio ukatoka. Mstari kwenye skrini ukashuka: kamsuli kamekaza. Sikio la pili, vivyo hivyo.

"Huyu si kiziwi," Jentrix alisema. "Mambo ya kuongea tutaangalia polepole. Lakini hii fomu sitaisaini."

Chepkurui alilia bila aibu, akambeba mwanawe mgongoni, akatoka.

"Chela," Mathew aliita kwa sauti ndogo kutoka mlangoni.

Mtoto aligeuza kichwa mara moja. Mama yake alisikia pia, akaendelea kutembea.