Matairi ya Ua la Kahawa

Projest alikuwa na mdomo, na Nkwenda nzima, huku Kagera, ilimjua kwa mdomo huo. Duka lake la matairi ya mtumba lilikuwa na wasikilizaji wengi kuliko wateja. Placidius, kinyozi wa mlango wa pili, aliwahi kuacha kichwa cha mtu nusu kimenyolewa ili awahi kumsikiliza. Na Projest akishaona meno ya watu hazuiliki tena. Angeweza kumsema vibaya mzazi wake mwenyewe ilimradi kibaraza cha duka kicheke.

Mwezi wa tisa, mvua za kwanza zilipoanza, alikuja Twagirayezu wa Mabira. Alikuwa na gari, Noah aliyoipata baada ya miaka mingi ya kulima mashamba ya watu, na kwa Noah hiyo alibeba abiria na ndizi. Alizaliwa hapa hapa, lakini wazazi wake walitoka Rwanda, na kwa watu kama Projest jambo hilo halikuisha. Walimwita mtu wa kuja hata pale alipokuwa mwenyeji kuliko wao.

"Kaka Projest, habari za asubuhi. Nataka matairi ya kupandia Mabira. Mwaka jana kile kilima kilinitesa, abiria walisukuma mpaka wakachoka na mimi."

Alikwishainamia seti moja ya matairi ya kawaida, yenye meno mapana, imara, akiyabonyeza kwa kidole gumba. Alikuwa amechagua vizuri. Angelipa aende zake na hadithi hii isingekuwepo. Lakini kibaraza kilikuwa kimejaa, na stoo ya Projest ilikuwa na seti sita za matairi ya theluji yaliyofika kutoka Japani na rimu zake, ambayo kwa mwaka mzima hakuna aliyeyagusa.

Projest aliyafahamu. Alikuwa fundi wa gereji Mwanza kwa miaka minane, na aliyaona kwa macho yake jinsi yanavyokufa. Mpira wake ni laini, umetengenezewa baridi ya barafu. Ukiuendesha juu ya lami ya moto na mzigo, unalegea, unalika, halafu siku moja unapasuka. Alijua hayo kama anavyojua jina lake.

"Acha hayo, ni ya watu wa tambarare," alisema, akamvuta mkono. "Njoo uone haya." Akamwonyesha ubavuni mwa tairi mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima kitu kama nyota ya ncha sita, ambacho ni alama ya chembe ya theluji. "Hii ni nini?"

Twagirayezu akakodoa. "Mlima."

"Na ndani yake?"

"Sijui, kaka. Nyota?"

"Nyota gani ikae ndani ya mlima? Wewe una kahawa nyumbani, hujawahi kuiona ikichanua?"

Placidius akaziba mdomo kwa taulo. Twagirayezu akapiga magoti matopeni, akahesabu ncha kwa kidole, moja, mbili, mpaka sita. Uso wake ukafunguka. Kahawa ya Kagera huchanua nyeupe kwa siku moja, shamba zima, na ua lake likilazwa kiganjani linafanana sana na mchoro ule.

"Ni kweli! Ni ua la kahawa! Lakini Wajapani wana kahawa?"

"Wanakunywa ya kwako! Unadhani hawajui inatoka kwenye milima gani? Haya waliyatengenezea watu wa milima ya kahawa. Ni wewe walikuwa wanakufikiria."

Kibaraza kiliangua kicheko, na Twagirayezu akacheka pia, akidhani wanafurahi pamoja naye. Alifungiwa yote manne. Alipoondoka Placidius alilia machozi ya kicheko, na wiki nzima wakawa wanasalimiana kwa kuulizana kama ua limechanua.

Ajabu ni kwamba matairi yalipanda. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokigeuza kilima cha Mabira kuwa sabuni, mpira ule laini ulishika. Malori yalilala mtaroni, na Noah ya Twagirayezu ikapita katikati yake ikipiga honi. Watu walikuja kutoka vijijini wakitaka matairi ya ua la kahawa. Kibaraza hakikucheka tena, kiliamini. Placidius mwenyewe, aliyekuwepo siku uongo ulipozaliwa, alianza kusema, "Unajua, Projest, ulipatia bila kujua." Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mama Mackrine, aliyemzaa Projest. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba mwanawe ndiye aliyesoma alama ya Wajapani pale wasomi waliposhindwa.

Krismasi ikapita, jua likawaka. Twagirayezu alipita dukani siku moja na wasiwasi.

"Kaka, nikienda lami ya Kyaka, njia ya Bukoba, yanakwisha upesi. Na tazama, pembeni yameanza kuchanika."

Projest alitazama. Alikuwa na wateja wawili kutoka Mabira wamesimama nyuma yake. "Yanajivua," alisema. "Kama ndizi. Likitoka ganda la juu ndipo unapata tairi lenyewe."

"Asante, kaka," alisema Twagirayezu. Mungu amsamehe Projest, maana mimi siwezi.

Wiki ya pili ya Januari, saa nne asubuhi, Noah ilisimama tena mbele ya duka, imejaa abiria wa Bukoba. Kiti cha mbele alikaa Mama Mackrine, kitenge kipya, miwani mkononi. Alikuwa anakwenda kliniki ya macho.

"Nimekataa basi," alimwambia mwanawe dirishani. "Nimesema nitapanda ya ua la kahawa, watu waone mama yake Projest anapanda nini."

Projest aliinama akatazama tairi la mbele. Ufa ulikuwa umezunguka ubavu mzima.

"Mama, shuka. Utakwenda kesho, nitakupeleka mwenyewe."

"Kwa nini, mwana wange? Gari lina ubovu?"

Twagirayezu akageuka kumsikiliza. Wateja barazani walikuwa wameshika matairi yao ya theluji, na Placidius akatokeza kichwa mlangoni. Lilihitajika neno moja tu. Projest aliliona neno hilo likiwa ulimini, akaona na nyuso zote zitakavyobadilika akilitoa, akaona watu wakirudisha matairi, na mama yake akishuka kwa aibu mbele ya abiria wenzake.

"Hapana, halina ubovu," alisema. "Nilitaka tu kukusindikiza."

Akapiga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja, kama wanavyoagwa madereva, na Noah ikaondoka.

Tairi lilipasuka kwenye mteremko wa kushukia Kyaka, saa saba, jua la utosi. Twagirayezu alifia pale pale, mikono bado kwenye usukani. Abiria walichubuka. Mama Mackrine alivunjika nyonga.

Mazishini Mabira, watu walikaa kwenye nyasi chini ya migomba, na maneno yalikuwa yamefika kabla ya jeneza. Mama Mackrine alipozinduka hospitali, jambo la kwanza alilowaambia waliomzunguka ni kwamba matairi ya mwanawe hayakuwa na kosa lolote. Yule dereva, alisema, alikuwa anakimbiza gari. Mama hakuwa mwongo. Alimpenda mwanawe, na akaona alichotaka kukiona.

Nyiransabimana, mjane wa Twagirayezu, alipitia katikati ya watu hadi alipokaa Projest. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni.

"Kaka Projest, wewe ndiye uliyemchagulia. Mimi sitaki chochote kwako. Nataka kujua tu. Tairi lilikuwa zima? Watoto wataniuliza baba alikufaje, na sitaki kuwadanganya."

Watu waligeuka kumsikiliza.

"Tairi lilikuwa zima, shemeji. Ni mwendo," alisema Projest.

"Na mizigo," mtu aliongeza nyuma. "Watu wa kuja hawa wana pupa."

Hakuna aliyemkemea. Nyiransabimana alisimama kidogo, kama mtu anayepanga sawasawa alichopewa kubeba, kisha akainamisha kichwa. "Asante kwa kuniambia ukweli," alisema, akarudi kwa watoto wake akawaambia.

Mwezi wa pili hospitali ilimruhusu Mama Mackrine. Projest alilifungia gari lake, Probox, matairi mapya ya kawaida, akatandika godoro nyuma, na alikuwa anawasha gari mama yake alipopiga simu. Placidius, aliyekuwa anamsindikiza, akaiweka kwenye spika watu wote wamsalimie.

"Umefunga yapi?" aliuliza mama.

"Yapi nini, mama?"

"Matairi! Huku Bukoba kuna watu wanasema maneno ya sumu juu ya matairi yako. Nataka nitoke hapa juu ya yale ya ua la kahawa, nipite nayo Kyaka pale pale, nifike nayo Nkwenda mchana kweupe. Mengine sipandi. Nitalala hapa hapa getini."

Kibaraza kikapiga makofi. "Huyo ndiye mama!" alisema Placidius, na kabla Projest hajafungua kinywa alikuwa ameshaweka jeki chini ya Probox. Stoo ilikuwa na seti moja iliyobaki. Waliifunga wao, kwa nyimbo. Projest alisimama na spana mkononi, akikaza nati zilizokwisha kukazwa.

Alifikiria kuyabadilisha njiani, lakini Placidius alikaa kando yake hadi Bukoba akipiga soga. Wakamchukua mama, wakamlaza kwenye godoro, wakageuza. Waliikuta lami ya Kyaka ikimeremeta kwa joto. Projest aliendesha polepole, pikipiki zikampita, baiskeli moja nayo ikampita kwenye mteremko. Harufu ya mpira ilikuwa inaingia dirishani, na usukani ulianza kutetema mikononi mwake.

"Mbona unakwenda kama tunazika?" aliuliza mama kutoka nyuma. "Nyonga inaniuma, jua linanichoma. Kanyaga mafuta, mwana wange. Wewe unaogopa nini kwenye matairi yako mwenyewe?"

Placidius akacheka, akamgeukia kusubiri jibu.

"Mama," alisema Projest.

"Ehe?"

Kwenye kioo aliona uso wa mama aliyeinua kichwa godoroni, umejaa fahari, ukimsubiri.

"Hamna kitu," alisema, akakanyaga mafuta.