Kinanda cha Tatu

Jumamosi, baada ya chai, Brightson alipanga vinanda vitatu kwenye studio yake ya Tandika, chumba cha uani kilichobandikwa ukutani magodoro ya kuzuia kelele, akaviunganisha vyote na kompyuta moja. Cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha kanisa. Cha tatu kilikuwa cha marehemu Lusungu. Mjane wake, Tupokigwe, ndiye aliyekileta, kwa sababu kwaya ilitaka kurekodi wimbo wa mwisho aliotunga mumewe.

Lusungu aliuawa wakati wa Pasaka, asubuhi, akielekea mazoezini. Marijani fundi simu, aliyekuwa ameibiwa wiki hiyo, aliona mtu amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye shuka, akapiga kelele za mwizi. Watu wakatoka na walichokuwa nacho mkononi. Lusungu alilala juu ya kinanda chake ili kisivunjike, na hakikuvunjika. Kila pigo lilipita mgongoni mwake likafika kwenye vitufe.

Brightson alifungua programu ya piano, akaanza kurekodi. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Kwenye kioo cha kompyuta, mistari ya vinanda viwili ilibaki mitupu. Mstari wa tatu ukaanza kujaa alama nyekundu, rangi ambayo programu huiweka kitufe kikigongwa kwa nguvu zote. Brightson akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Alama zikaendelea pale zilipoishia.

"Waya mzima," alisema.

"Najua. Nyumbani kinajigongaga hata umeme ukikatika," alisema Tupokigwe. "Cheza tusikie."

Akacheza. Piano ilitoa mapigo mazito yaliyorukiana, na kwa kila pigo damu kidogo ilichuruzika kati ya vitufe vyeupe vya kinanda cha Lusungu. Tupokigwe aliifuta kwa pindo la kanga, kama alivyozoea.

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo majirani waliingia. Marijani alikuja na bisibisi yake mkononi. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe.

"Hilo la pili langu," alisema. "La nondo. Mkono wangu naujua."

"Mie lile dogodogo," alisema Chausiku, muuza vitumbua. "Mwiko ule. Nilikuwa na mtoto mgongoni, ningepigaje zaidi?"

"Kumbe we ndo ulikuwa unatuharibia mdundo!" mmoja akadakia.

Watu wakacheka. Tupokigwe aliwaacha wamalize.

"Shemeji Marijani, kituoni bado ameandikwa mwizi. Asifiwe wangu shuleni wanamwita mtoto wa mwizi. Twende ukaseme kinanda kilikuwa chake. Hilo tu."

Marijani aliitazama bisibisi. "Mama Asifiwe, hayo yameshapita. Na nikienda kusema hilo, si wataniuliza na mengine?"

"Na wewe Chausiku?"

"Mie nilifika mwishoni, shoga yangu." Kisha akamgeukia Brightson. "Ila braza, kwa piano inatisha. Huwezi kuweka kitu kingine?"

Brightson alieleza kwamba inawezekana. MIDI, lugha ambayo kinanda huongea na kompyuta, haihifadhi sauti. Inahifadhi kitufe gani kimegongwa na kwa nguvu gani. Sauti unachagua mwenyewe. Akachagua ngoma. Nondo ikawa ngoma kubwa, mwiko ukawa kayamba. Chausiku akaanza kutikisa mabega.

Baada ya mapigo yote ilibaki alama moja hafifu, ndefu. Kitufe chake kilibonyezwa taratibu, kwa kidole. Ilikuwa sauti ambayo Lusungu alikuwa akiwapa wanakwaya ili waanze kuimba.

"Hiyo yake," alisema Tupokigwe. "Iache."

"Haikai kwenye mdundo, Mama Asifiwe," alisema Brightson kwa upole, akaifuta.

Jioni kwaya ikaja, ikaimba juu ya ngoma zile.

Wimbo umependwa. Unapigwa harusini na kwenye vibanda vya chipsi, na likifika pigo la pili Marijani huinua mkono, watu wakamshangilia. Kituoni maandishi ni yaleyale. Tupokigwe huketi barazani, kinanda mapajani, akifuta damu. Wimbo ukiisha, yeye huitoa kwa mdomo ile sauti iliyofutwa, ndefu, bila kukata pumzi, mpaka Chausiku amwite kutoka ng'ambo ya uchochoro.

"Punguza basi, shoga yangu. Tunaurudia wimbo."