Picha za Bosko

Mume wangu Nahashon ni mzee wa kanisa, na kwa miaka yote tuliyokaa huku ughaibuni, mjini Blaine, msimamo wake ulikuwa kwamba mahali pa mbwa ni nje. Binti yetu Valentina akamleta Bosko, akamzoesha kulala kwenye kochi, kisha akaenda zake chuoni Duluth akatuachia.

Tangu aende, Nahashon alimwandikia kila asubuhi. Umekula? Umesali? Baridi iko namna gani? Kimya. Siku moja akamtumia picha ya Bosko ili kumshtakia kwamba mbwa wake ametafuna kiatu. Jibu lilifika kabla hajaweka simu chini.

Basi mzee akapata kazi. Picha iliyofuata alimsimamisha Bosko kando ya gari, miguu yote minne ionekane, vile sisi tulivyopigwa studio enzi zetu.

"Dad, mbona ni kama ana-apply visa?" Valentina akaandika. "Mpeleke kwa dirisha kuna light. Na ulale chini, uwe level yake."

Nikaona maajabu. Mtu asiyewahi kuinama kuokota soksi zake mwenyewe analala kifudifudi sebuleni na suti ya Jumapili, ameshika kipande cha nyama juu ya simu ili mbwa atazame kamera. Bosko ni mweusi tii. Bila mwanga, pichani hutoka macho na ulimi tu. Nahashon akasogeza kochi. Akaondoa hata picha ya harusi yetu ukutani, eti inaharibu mandhari. Hapo nilikasirika kweli.

Picha ilitoka nzuri, siwezi kukataa. Chini yake akaongeza: "Nasi pia hatujambo."

"Aww! Kiss Bosko for me," akajibiwa. Basi.

Mzee akabaki pale sakafuni akitazama simu, nyama mkononi. Hasira ziliniisha, nikamwonea huruma. Nikampiga picha vile vile alivyolala, nikamtumia binti yake bila neno.

Simu yangu ikalia. Valentina hakuwa amepiga tangu Oktoba, na sasa alikuwa hoi kwa kicheko.

"Mum, Dad anatafuta nini hapo chini?"

"Wewe," nikamwambia.

Kicheko kikakatika. Kisha, kwa sauti ndogo: "Mpe simu."

Nahashon akainuka, akajipangusa manyoya, akaipokea kwa mikono miwili. Mambo ya kumwambia yalikuwa yamemjaa kifuani miezi miwili.

"Haloo," akasema. "Bosko hajambo."