Jino la Kulthumu

Kijiko cha mti kiligonga kitu kigumu ndani ya kinywa cha mtoto, na Swalehe akaacha kulisha uji. Alikisukuma tena, taratibu, kikagonga tena. Alikuwa mwanamume aliyewahi kufanya kazi ya kung'oa miti kwa minyororo na mashine kule Nachingwea, kwenye shamba kubwa la karanga la Wazungu, na huko hakuwahi kustuka. Lakini mlio ule mdogo ulimstua. Alimwaga uji, akamnyanyua binti yake juu, akatoka naye uani akipiga kelele kama aliyeona mwezi wa Idi.

"Jino! Mama Kulthumu, njoo! Mwanao ana jino!"

Uani walikuwapo watu wawili tu, jambo ambalo baadaye alimshukuru Mungu kwalo. Mkewe Sabaha alikuwa akitwanga mtama, na mama mkwe wake, Bi Fatu, alikuwa akipeta. Sabaha aliachia mchi, akacheka kwa furaha. Bi Fatu hakucheka. Aliweka ungo chini, akafuta mikono yake kwa upindo wa kanga.

"La juu au la chini?"

Swalehe alikuwa hajatazama. Ilikuwa imemtosha kwamba jino lipo. Bi Fatu alisogea, akainua mdomo wa mtoto kwa kidole gumba, wote watatu wakaona. Kipande cheupe kilikuwa kimechungulia kwenye ufizi wa juu. Chini hapakuwa na kitu.

"Umemwonyesha nani?" aliuliza Bi Fatu.

"Hakuna, mama. Nimetoka ndani sasa hivi."

"Basi hakuna jino. Mnanisikia? Hakuna jino mpaka la chini litoke. Likitoka tutasema yametoka pamoja. Mpaka siku hiyo mtoto huyu asicheke mbele za watu."

Kila mtu pale Ruangwa alijua maana yake. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, na kigego, walisema, hula ukoo wake mmoja mmoja. Zamani watoto hao walipelekwa mtoni. Siku zile, kwa kumwogopa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, walipelekwa kwa mganga mmoja ng'ambo ya mto Mbwemkuru, eti kuoshwa, na hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja akirudi. Mwenye kauli juu ya jambo hilo hakuwa Swalehe. Yeye alikuwa mkwe tu, amekuja kuishi kwa wakweze kama ilivyo desturi ya Wamwera, analima ardhi ya wenyewe. Watoto ni wa ukoo wa mama, na juu ya ukoo huo alikaa Mbaruku, kaka yake Sabaha, mtu mpole wa kuongea ambaye akishaamua haambiliki.

"Lakini mama, mtoto asicheke atawezaje?" aliuliza Swalehe.

"Anayemchekesha ni wewe. Acha."

Na kweli aliyekuwa akimchekesha ni yeye. Wanaume wa kijiji walikuwa wamemtania tangu mtoto azaliwe, wakimwuliza kama ameanza kunyonyesha. Kulthumu alipogeuka mwenyewe kutoka tumboni hadi mgongoni, Swalehe alilitangaza jambo hilo msikitini, nje mlangoni, kwa watu waliokuwa wakitafuta viatu vyao. Alipokaa bila kushikwa, baba mtu hakwenda shamba. Alipotamka "ba", Swalehe aligombana na jirani aliyethubutu kusema kwamba watoto wote hutamka "ba" na hawamaanishi kitu. Kama huu ni upumbavu, na uwe upumbavu, lakini ulikuwa wake, na alikuwa ameutafuta kwa miaka mingi, maana mimba mbili za Sabaha zilikuwa zimeharibika kabla ya hii.

Sasa aliacha. Akirudi kutoka shamba, Kulthumu akinyoosha mikono, alijifanya ananoa jembe. Kila ilipobishwa hodi, Bi Fatu alikuwa na kiganja chake tayari juu ya kinywa cha mjukuu wake. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alimpenda mtoto yule, na kwa akili yake alikuwa akimwokoa. Ila jino la chini lilikataa kutoka. Lililotoka ni jingine, palepale juu, kando ya mwenzake.

Asubuhi moja jogoo aliruka kutoka kwenye paa la ghala, akakosea, akatua ndani ya beseni la maji. Kulthumu aliyekuwa ameketi mkekani alimwona. Macho yalimng'aa, mashavu yakapanda. Papo hapo sauti ya jirani ikasikika nje ya ua ikipiga hodi. Mtoto akainua mkono wake mwenyewe, mdogo, wenye uji vidoleni, akajiziba mdomo.

"Mmeona?" alinong'ona Bi Fatu kwa fahari. "Amejua mwenyewe."

Sabaha aligeuza uso. Swalehe alibaki amesimama na jembe begani. Hakuna jambo jipya ambalo binti yake aliwahi kulifanya na yeye asilifurahie, mpaka hilo. Mtoto alikuwa hajajua kusimama, hajajua hata kutambaa sawasawa, lakini alikuwa ameshajifunza kuogopa watu, na waliomfundisha ni wao waliomzaa. Alikwenda shamba siku ile akalima kama anayepigana, na jioni, walipolala, akamwambia mkewe kwamba hawezi tena kumficha mtoto.

"Kaka atamchukua," alisema Sabaha.

"Na mimi nitakuwa nimekaa tu?"

Sabaha alimvuta mtoto karibu zaidi.

Juma lililofuata lilikuwa la kupiga ufuta. Majirani walikusanyika kwa Mbaruku kusaidiana kama kila mwaka. Mafungu ya ufuta mkavu yaligeuzwa juu ya turubai, yakapigwa kwa fimbo, mbegu zikamiminika, na wanawake walipika kunde na ugali pembeni. Swalehe alipiga pamoja na wenzake mpaka waliposimama kunywa maji. Ndipo alipomwendea Sabaha, akamfungua mtoto mgongoni, akamkalisha katikati ya turubai ambapo kila mtu alimwona. Bi Fatu alitoka jikoni mbiombio na upawa mkononi, lakini alikuwa amechelewa.

Swalehe alichota mbegu kwa viganja viwili, akazimimina juu ya kichwa chake mwenyewe, zikamwingia masikioni na shingoni. Kulthumu alitazama. Aliwatazama watu. Kisha baba yake akapiga chafya kwa ajili ya vumbi la ufuta, chafya ya kweli isiyopangwa, na mtoto akacheka kwa kinywa chote, meno yake mawili ya juu yakaonekana hadharani.

Mwanamke mmoja alivuta watoto wake nyuma.

"Shemeji," alisema Mbaruku kwa sauti yake ya upole, "mmenificha jambo hili tangu lini?"

"Tangu jino la kwanza lilipotoka," alijibu Swalehe. "Miaka yote nimemwota mtoto mwenye meno, shemeji. Nimempata. Sitamficha tena."

"Ufuta ukishaisha, atapelekwa ng'ambo."

"Hatapelekwa. Jino hili hakulipanda mtu. Kama mna ugomvi na aliyeliotesha, mwendeeni yeye."

"Wewe ulikuja hapa na jembe tu," alisema Mbaruku. "Chukua jembe lako uende. Mtoto ni wetu."

Ilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Swalehe zaidi. Kwa sheria ya wenyeji hakuwa na la kujibu. Watu wote wakamgeukia Sabaha. Akiondoka anaondoka na nini? Anaacha mashamba ya mama yake, makaburi ya watu wake, na kaka ambaye kesho akifiwa au akiugua hatakuwa na mtu wa kumlaumu ila yeye. Sabaha aliingia turubaini, akamfuta binti yake mbegu za ufuta kwenye nywele, akamfunga mgongoni, uso wa mtoto wazi.

"Kaka," alisema, "ukimtaka, njoo unifungue mgongoni hapa mbele za watu."

Mbaruku hakusogea; kaka hamfungui dada yake nguo hadharani. Sabaha akatoka, Swalehe akachukua jembe lake akamfuata.

Bi Fatu aliwafuata mpaka mwisho wa ua. Hakuwatazama usoni. Alimpa Swalehe kibuyu cha maji, akasema kwamba njia ya Nachingwea ina visima vichache msimu ule na wasipite porini jua likishazama. Kisha akarudi jikoni kwake.

Walitembea. Swalehe alikuwa amesikia kwamba mashine za karanga zimeanza kunyamaza na watu wanaachishwa kazi, lakini reli bado ilitaka watu wa kufyeka, na mikono alikuwa nayo. Hakumwambia mkewe kwamba anaogopa. Siku ya pili, karibu na Nachingwea, walikutana na mama mtu mzima aliyebeba kikapu cha makopa ya muhogo. Alitua mzigo apumzike, wakasalimiana, na kama wanawake wote alikwenda moja kwa moja mgongoni kwa Sabaha.

"Mjukuu wangu mzuri huyu! Ameanza meno?"

Swalehe alitaka kusema habari ya jua, ya mvua, ya lolote.

"Ameanza," alisema Sabaha. "Mchekeshe uyaone."

Yule mama alitoa ulimi, akaupiga kaakaani. Kulthumu alimkazia macho, mkono ukaanza kupanda kuelekea mdomoni, ukasita njiani. Kisha akacheka.

Mama alimtazama Sabaha, akamtazama Swalehe aliyekuwa ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili.

"Yametangulia ya juu," alisema.

"Ndiyo," alijibu Sabaha.

"Mnatoka mbali?"

"Ruangwa."

Hakuuliza zaidi. Alifuta kidole kwenye kanga yake, akakitia kinywani mwa mtoto, akaanza kuyapapasa makali ya meno yale, moja, kisha la pili. Kulthumu akauma. Mama akakichomoa kidole upesi, akakipuliza.

"Makali haya! Mwanangu, maziwa yako yana kazi."

"Ananiuma kila siku," alisema Sabaha, akaulegeza mfungo wa kanga ili mtoto amwone yule mama vizuri.