Siku Tatu Tanga, na Ndala Moja

Tone la kwanza la bomba liligonga ndoo tupu saa kumi alfajiri, ti! Kisha la pili. Nikaruka kitandani gizani. Kwetu Ihumwa, Dodoma, maji yakija hayakuulizi kama una safari. Nikajaza ndoo nne, madumu sita na sufuria zote, hata ile ya ugali.

Jirani yangu Hilda, aliyekuja kuchukua ufunguo wa nyumba, akasimama mlangoni anacheka. "Wewe! Unaenda baharini na bado unakinga maji?"

"Ya kuogea nikirudi," nikamjibu, nikamwamsha mwanangu Gladness. Ana miaka minne.

Tulikuwa tunamfuata Wilbert, mume wangu. Alikuwa fundi wa kuchomelea pale Kizota, mwaka jana akapata kazi Tanga, na tangu aondoke hakuwa amepata likizo. Gladi alimwona Jumapili tu, kwenye simu. Kwa hiyo sikupanda basi kwa ajili ya bahari. Nilitaka mwanangu amjue baba yake, amguse, amzoee, kabla hajasahau kwamba anaye.

Lakini kusema kweli, Tanga ilianza kunishika kabla hatujafika. Karibu na Muheza milima ya Usambara ikatokea kushoto. Milima ya kwetu ni mawe, mbuzi akipanda unamwona mpaka masikio. Hii ilikuwa imevaa kijani kutoka miguuni hadi kichwani, na juu yake mawingu yamekaa kama yamealikwa. Nikamwambia Gladi, "Angalia, mama, angalia!" mpaka abiria wa mbele akageuka.

Stendi, Wilbert alikuwa amevaa shati na suruali vilivyopigwa pasi. Akachuchumaa, akafungua mikono.

"Gladi, mimi baba."

Gladi akajifunika na khanga yangu, akachungulia. "Baba yangu anakaa kwenye simu," akamwambia kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Wilbert akacheka. Mikono yake ilichelewa kidogo kushuka.

Kesho yake alituzungusha mji mzima. Barabara zina namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata mimi mgeni sikupotea. Wazee wa kanzu wanaendesha baiskeli bila haraka yoyote. Tuliuona mnara wa saa, tukaingia mapango ya Amboni, ambako mawe yananing'inia juu kama mishumaa iliyoyeyuka. Gladi akaliamkia pango: "Shikamoo!" Pango nalo likamwamkia. Tukacheka wote watatu, nikadhani sasa mambo yamekaa sawa. Wilbert akammenyea chungwa.

"Asante, mjomba," Gladi akasema.

Usiku ule Wilbert hakula vizuri. "Mama Gladi, kesho kutwa mnaondoka," akasema, basi.

Siku ya mwisho tukaenda Raskazone. Nisiseme mengi juu ya bahari. Nilisimama nikasahau kufumba mdomo. Nimezoea kuyapima maji kwa dumu, na haya hayakuwa na upande wa pili. Tukavua ndala, tukazipanga ukingoni mwa maji, kama tunavyofanya bwawani Hombolo. Pale ukiziacha asubuhi, jioni unazikuta. Na daftari langu la Jiografia, la masomo ya jioni, lina ukurasa mzima wa kupwa na kujaa kwa bahari! Nilipata nane juu ya kumi.

Tulikuwa tunakula mihogo ya kukaanga kwa Bi Shakila, mama mmoja mwenye meza yake pale ufukweni, aliyekwisha kutuuliza tulikotoka, alipoangalia nyuma yetu.

"Nyie wa Dodoma! Viatu mmemwachia nani? Hili si bwawa, wanangu, hili linatembea!"

Tukakimbia. Zote zilikuwa pale zimeloa, isipokuwa moja. Ndala nyekundu ya Gladi ilikuwa inaelea, inakwenda zake. Gladi akafungua mdomo kulia, sauti isitoke.

Wilbert hakukunja hata suruali. Akaingia. Hajui kuogelea, angejifunzia wapi? Maji magotini, kiunoni, kifuani.

"Baba Gladi, rudi! Ni ndala tu!"

Akanyoosha mkono, ikamponyoka. Wimbi likamfunika kichwa. Kisha mkono ukatokea kwanza, na ndala nyekundu ndani yake, halafu yeye, anakohoa, shati limemganda mwilini.

Watu wakapiga makofi. Bi Shakila akashika kiuno. "Haya jamani, leo tumepata mvuvi wa ndala! Huyu wa nani?"

Gladi akaachia khanga yangu. Akasonga mbele mpaka maji yakamgusa vidole, akasema kwa sauti, ufukwe mzima ukasikia:

"Yule ni baba yangu."