Simu Inayoitikia

Kulusumu hutengeneza programu za simu huko Jinja, na kila Ijumaa hurudi kwa mumewe, Ashiraf, mjini Mbale. Leo, tangu mkewe aingie ndani, Ashiraf amemwona akiipapasa simu, akiiinamisha, akiifunika kwa kiganja, kisha akitabasamu. Mtu gani hutabasamia kioo cha simu? Wivu ukampanda. Akampokonya ile simu, lakini alipoigeuza kifudifudi, ikazimika papo hapo.

“Kumbe umeifundisha kunificha huyo mwanamume wako!”

“Ni kazi yangu, Baba Shamirah. Ukiigeuza, inazimika. Ukiiinua, inaamka. Gizani inapunguza mwanga, na ukiigusa tu inaitikia.”

“Basi olewa nayo!”

Kulusumu akaichukua simu yake taratibu.

“Wiki iliyopita nilikugusa bega,” akasema. “Ukageukia ukuta.”